Mtangazaji wa Glenys

Jumatano ya sindano, Glenys Pascoe alifika kliniki kabla mlango haujafunguliwa, kama kawaida yake, akiwa na sahani ya keki za chokoleti zilizopakwa nazi. Upepo wa ghuba ulikuwa unavuma kutoka upande wa gati, umebeba vumbi la shayiri la kwenye maghala, na Glenys alikuwa ameikandamiza karatasi ya kufunikia kwa dole gumba isipeperuke. Nesi Lorna Kaesler alimfungulia, akaipokea sahani, akaiweka mezani karibu na birika la umeme, kisha akaenda kuitikisa chupa ya dawa mpaka unga na maji vishikane.

“Kushoto leo,” Glenys alisema, akageukia ukuta na kuishusha suruali kidogo.

“Anashika ukingo wa meza,” Merv alisema kutoka kwenye kiti kilichokuwa mlangoni. “Ametulia, hana presha. Lorna anakuja kwa nyuma, mchezaji mzoefu huyu, hana papara, anapima, anaangalia pembe...”

“Merv, funga mlango,” Lorna alisema. “Wewe ukiwa nje.”

Merv alitoka na kuufunga mlango, akaendelea kutangaza kwa kukisia. Glenys alichomwa, akabandikwa plasta, akapandisha suruali yake na kwenda chumba cha mbele. Dawa ile ina masharti yake: ukishachomwa hutoki mpaka nesi akuangalie kwa saa tatu, usije ukaangukia barabarani. Na kwa kuwa saa tatu ni nyingi kwa tumbo tupu, watu wa sindano wa Port Hallam walikubaliana zamani kwamba kila mtu aje na sahani. Mara kuna mikate ya soseji, mara mayai yaliyojazwa viungo. Anayekuja mikono mitupu haambiwi kitu, ila anatazamwa.

Merv aliwahi kukaa ndani ya kichwa cha Glenys kwa miaka mingi. Alihamia humo wakati Tamsin, binti yake Glenys, alipokuwa shule ya msingi, na tangu hapo alitangaza kila alichofanya mama yule kama mtu anayetangaza fainali ya mpira redioni. Ukimwuliza mwenyewe atakwambia hakuwa na nia mbaya. Lakini hebu jaribu kumenya viazi huku kuna mtu anakutangaza, na kila ukikata vibaya umati mzima unazomea. Siku ambazo umati ulizidi, Glenys alitoka nje na nguo ya kulalia, na safari moja alikutwa mwisho wa gati akijibizana na mwamuzi. Walimpa vidonge. Alivimeza, akavisahau, akavimeza tena, na chupa ilikaa pale kwenye dirisha la jikoni ikimtazama kila asubuhi kama mama mkwe.

Halafu ikaja sindano. Baada ya ile ya tatu, akiwa amekaa chumba cha mbele anakula mkate wa yai, sikio lake la kushoto lilimwasha. Merv akatoka humo, mguu wa kwanza, mguu wa pili, akakung'uta koti lake la rangi ya zambarau, akauliza choo kiko wapi. Lorna alimwelekeza. Aliporudi alikuta amewekewa chai.

Mwanzoni alijaribu kurudi. Alimfuata Glenys kwenye foleni ya dukani akajibanza nyuma ya shingo yake, lakini nafasi ilikuwa imeshajaa dawa, hapakuwa na hata pa kuingiza kidole. Mwisho alikata tamaa, akapanga chumba nyuma ya klabu ya mpira, na klabu ikamfanya mtangazaji wa bahati nasibu ya kushindania nyama kila Ijumaa. Ni kweli anakijua kipaza sauti. Tangu aanze, hata watu wasiokula nyama wamekuwa wakinunua tiketi. Siku za sindano huja kliniki kwa mazoea, na kwa ajili ya keki.

Kwa hiyo Glenys aliipenda sindano yake, na hakuona haya kusema. Ilimpa mwezi mzima wa kuwa mtu. Alifanya kazi kwenye duka la mitumba la kanisa, alipika, alisoma gazeti kuanzia mwanzo hadi mwisho bila mtu kumsomea kwa sauti. Ilimfanya awe mzito kidogo, maneno yake yalikuja na mapengo, na viatu vyake vya zamani havikumwenea tena. Alisema hayo yote anayajua, ameyapima, na amechagua.

Hakuwa na haja ya kumshawishi mtu mwingine, na Clarrie Noonan hakushawishika. Clarrie alikuwa mkata manyoya ya kondoo, mmoja wa wale wenye haraka, na sasa, kwa sababu ya dawa, mikono yake ilitetemeka hata kwenye kikombe. Lakini mikono si kitu kilichomuuma zaidi. Sauti aliyoisikia yeye ilikuwa ya mama yake, aliyefariki zamani, na ilikuwa sauti ya upole, ya kumwuliza kama amekula. Sindano zilipoanza, mama naye alitoka, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, mikono mapajani. Mwezi uliofuata alikuwa amekonda. Mwezi mwingine alikuwa mwepesi kama pazia, na uliofuata kiti kilikuwa kitupu. Hakuna aliyekikalia tena kiti kile, na Lorna hupitisha kitambaa cha vumbi kwa kukizunguka.

“Wewe umeachiwa wako,” Clarrie alimwambia Glenys mara moja, bila chuki. “Mimi wangu wamenichukulia. Halafu wananiuliza mbona sisemi asante.”

Glenys alimkatia kipande kikubwa cha keki.

Jumatano hiyo Clarrie alikuwa amevaa shati safi, kwa sababu Glenys alikuwa na shauri lake mbele ya Baraza linaloamua nani atibiwe kwa lazima, na alikuwa amemwomba akae karibu. Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Tamsin aliolewa Mackay, kule juu kwenye joto na mashamba ya miwa, na mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Alikuwa na chumba cha nyuma chenye feni na mlango wake mwenyewe, akamwambia mama yake ahamie. Glenys hakutaka kitu kingine chochote duniani. Alishapiga simu kliniki ya kule, akauliza kama dawa yake ipo, akajibiwa alete tako lake tu, mengine yote wanayo.

Tatizo lilikuwa amri. Amri ilitolewa mwaka ule wa gati. Ilisema Glenys Pascoe atachomwa sindano hapa, ataishi hapa wilayani, na asipofika polisi watamfuata. Iliishia mpakani mwa jimbo, kwa sababu kule Mackay ni sheria nyingine, na kwa hiyo hangeweza kuhama nayo. Kila mwaka Baraza liliiongeza kutoka mji mkuu, kwa televisheni. Glenys hakuwahi kukosa Jumatano hata moja, na polisi pekee aliyewahi kumfuata alikuwa Konstebo Boyce, aliyekuja dukani kununua suruali ya mtumba.

Alikuwa na uhakika wa kushinda. Usiku uliopita alilala vizuri, asubuhi akapiga pasi blauzi ya bluu, na njiani alimwambia Merv kwamba mwezi ujao atakuwa ananunua kofia ya jua. Merv alisema mechi haiishi mpaka king'ora kilie. Glenys akamwambia anyamaze.

Walikaa mbele ya televisheni Glenys, Clarrie, Lorna, na daktari. Daktari alikuwa mpya. Madaktari hawakai Port Hallam, wanakuja, wanaliona ghala la shayiri, wanaondoka. Kwenye kioo walitokea watu watatu wa Baraza. Mwenyekiti alikuwa Bi Haddrick, mwenye miwani ya kuning'iniza. Pembeni yake kulikuwa na tabibu mmoja na mkulima mstaafu. Daktari alisoma kwamba mgonjwa anaendelea vizuri sana, na kwa sababu hiyo anapendekeza amri iongezwe.

Glenys akapewa nafasi. Alianza polepole, neno, pengo, neno, kama mtu anayevuka barabara akitazama pande zote mbili. Katika mapengo yale wale watatu waliinamia karatasi zao.

“Dawa naitaka,” alisema. “Siikimbii. Nataka kwenda nayo Mackay.”

“Tumefurahi kusikia hivyo, Glenys,” Bi Haddrick alisema. “Inaonyesha kwamba amri inafanya kazi.”

“Amri haijawahi kuja hapa asubuhi. Ninayekuja ni mimi.”

“Unakuja kwa sababu amri ipo.”

“Nakuja kwa sababu nimechoka kutangazwa.”

Bi Haddrick alitikisa kichwa kwa huruma, akasema kama angekuja hata bila amri, basi kuwa nayo hakumpotezei kitu. Glenys akasema inampotezea Mackay. Bi Haddrick akasema analielewa hilo.

“Na ningekuwa siitaki dawa?” Glenys aliuliza.

“Hapo ingetubidi tuiongeze amri, bila shaka.”

“Kwa hiyo nikitaka inaongezwa. Nisipotaka inaongezwa.”

Bi Haddrick alisema mambo si mepesi kiasi hicho. Halafu macho yake yalipita juu ya bega la Glenys, akavaa miwani.

“Na huyo bwana wa mlangoni ni nani?”

“Ni sauti yangu,” Glenys alisema.

Daktari alipekua karatasi zake, akathibitisha. Bi Haddrick alisema Baraza hupenda siku zote kuwasikia watu waliomjua mgonjwa kwa karibu, na kama bwana huyo yuko tayari wangeshukuru. Merv aliweka chini sahani yake, akafunga kifungo cha koti, akaja mbele ya kamera. Lorna alimsogezea kiti, lakini watangazaji wa aina yake husimama.

Hakumung'unya maneno, wala hakuwa na pengo hata moja. Alisema yeye ndiye anayepaswa kuulizwa, maana hakuna anayeitaka nafasi ile kichwani kuliko yeye. “Nimepiga hodi kwenye sikio lile kiangazi na kipupwe,” alisema. “Nimebembeleza. Nimejaribu hata puani wakati ana mafua. Aliyenifungia nje ni Glenys. Baraza sikuliona. Polisi sikuwaona. Mkimwondolea amri leo, Jumatano ya kwanza atakayoamkia Mackay atakuwa amegeukia ukuta wa kule, suruali imeshuka. Na ninayasema haya kwa hasara yangu mwenyewe.”

Muda wote huo hakuna aliyetazama karatasi. Mkulima mstaafu alikuwa ameegemeza kidevu mkononi. Merv alipomaliza walimshukuru, mmoja baada ya mwingine, na mkulima akamwuliza anaionaje mechi ya Jumamosi. Merv alimchambulia safu ya nyuma yote, kwa ufupi na kwa haki. Glenys alimtazama akiwa amekaa palepale, akafikiria kwamba yeye mwenyewe alisema maneno yaleyale.

Kioo kiligeuka bluu kwa muda wa kula keki moja. Waliporudi, Bi Haddrick alisema ushahidi wa bwana Merv umewagusa sana. Alisema si mara nyingi Baraza huona mgonjwa aliyezungukwa na watu wanaomjali hivyo: nesi, rafiki, na sauti inayomtakia mema. Kumtoa katika mazingira mazuri namna hiyo kungekuwa ni kumhatarisha. Kwa hiyo amri ingeendelea mwaka mwingine, na walimpongeza kwa jitihada zake.

“Merv je?” Lorna aliuliza. Alikuwa mwekundu hadi shingoni. “Na yeye amri inamhusu?”

Waliangalia sheria. Tabibu akasema kwamba Baraza halina mamlaka juu ya sauti, na kwamba bwana huyo yuko huru kuishi popote. Kisha televisheni ikazimwa.

Glenys alikasirika. Hasira yake ilichelewa njiani kwa sababu ya dawa, ila ilifika nzima. Hakupiga kelele. Alitoka uani, akasimama kati ya mapipa ya taka na gari la Lorna, akalia kwa sababu ya mjukuu atakayezaliwa bila yeye kuwepo, na kwa sababu alikuwa amesema kweli mbele ya watu watatu na hawakuisikia mpaka aliposema mwanamume ambaye hajawahi kuchomwa sindano hata moja. Clarrie alitoka akasimama naye. Hakumwambia kwamba alijua itakuwa hivi, ingawa alijua.

Alipomaliza kulia alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, akarudi ndani, akamkuta Merv anamalizia keki ya mwisho.

“Ijumaa una kazi?” alimwuliza.

“Ya nyama. Kama kila Ijumaa.”

“Watatafuta mtu mwingine. Wewe unakwenda Mackay.”

Merv alitaka kubisha, kisha akamtazama vizuri usoni na kuacha. Amewahi kukaa ndani ya kichwa kile, anajua samani zake zilivyopangwa. Aliuliza tu kama kule wanacheza mpira wetu au ule mwingine, wa raga. Alipoambiwa ni ule mwingine, alisema atajifunza.

Jioni ile Glenys alimpigia simu Tamsin, akamweleza uamuzi wa Baraza, akangoja binti yake amalize kulitukana, kisha akamwambia kwamba anayekuja ni Merv.

“Yule Merv?” Tamsin aliuliza. Utotoni alikula chakula cha jioni mara nyingi akimsubiri mama yake amalize kumjibu mtu huyo.

“Yuleyule. Ametulia siku hizi.”

“Anakula nini, mama?”

“Chochote. Usimpe tu kipaza sauti.”

Clarrie ndiye aliyempeleka Merv stendi ya basi, na Glenys alikuja na begi alilolipata dukani kwake, ndani yake mashati mawili na sweta dogo la manjano alilolifuma kwa ajili ya mtoto. Basi lilipowasha injini, Clarrie alimvuta Merv pembeni. Alisema nchi ni kubwa na njia ni ndefu, na kama huko katikati atakutana na mwanamke mwembamba wa makamo, anayeuliza watu kama wamekula, amwambie kwamba Clarrie anakula. Merv alisema atamwambia. Alisema kwa sauti ya chini, bila madoido, na Clarrie akamshika mkono.

Mtoto alizaliwa wakati wa mavuno ya shayiri, msichana, wakamwita Elowen. Jumapili ya kwanza, Glenys akiwa ameshaosha vyombo vya mchana, simu iliita.

“Habari za mchana, na karibuni Mackay,” Merv alisema. “Joto kali, upepo hakuna. Elowen yuko kwenye beseni. Anapiga teke la kulia, maji yanaruka, mama yake kaloa mpaka kiwikoni. Anatafuta dole gumba. Analikosa. Anarudi tena, amelikosa kwa kidogo sana, anakunja uso, anajipanga upya... na limeingia mdomoni. Safi sana. Kazi nzuri kwa mchezaji mwenye siku sita tu uwanjani.”

Glenys alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, simu kwenye sikio la kushoto, mkono mwingine juu ya meza. Hakumkatiza. Katika miaka yote ile aliyotangaziwa maisha yake mwenyewe hakuwahi kutamani sauti ile iendelee, na sasa ilipotaka kwenda mapumziko aliiomba irudie lile la dole gumba.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Elowen aligeuka kifudifudi kwa mara ya kwanza, na Glenys alikuwepo kwa njia hiyo. Alicheka, akaugua mafua, akapona, akachukia karoti. Jumatano za sindano Glenys aliwasimulia wenzake kliniki, na Clarrie aliuliza maswali kuliko wote. Merv hakuwa amekutana na mama yake bado, ila alikuwa anaangalia.

Muda wa amri ulipokaribia kwisha, alikuja daktari mwingine mpya, mpole, mwenye kalamu nzuri. Alimwuliza Glenys kuhusu usingizi na uzito. Kisha akamwuliza swali ambalo huulizwa kila mtu wa sindano: je, bado kuna sauti anayoisikia?

Lorna, aliyekuwa anapanga pamba kwenye trei, aliacha kupanga.

“Ndiyo,” Glenys alisema. “Kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana.”

“Na inakwambia nini?”

“Wiki hii imesema ameota jino la juu.”

Daktari alisema amesikitika, kwa sababu mengine yote yalikuwa yanaonyesha maendeleo. Alisema asiwe na wasiwasi, atalieleza Baraza mwenyewe. Baraza halikuona haja ya kukaa safari hii. Likaongeza amri miaka miwili.

Lorna aliufunga mlango wa chumba cha sindano na kuegemea kabati. “Ungesema hapana tu, Glen,” alisema. “Neno moja.”

“Ingekuwa uongo.”

“Najua.”

“Mimi si mwongo, na simu ya Jumapili si ugonjwa,” Glenys alisema. “Wakitaka kujua, waulize simu inatoka kwa nani.”

Hawakuuliza. Jumapili iliyofuata alikula mapema, akaacha vyombo kwenye beseni na kuvuta kiti karibu na simu, kwa sababu Elowen alikuwa ameanza kusimama.